Bunduki Lengwa na Mpokezi: Uhakiki wa Istilahi za Rasimu Moja

Imetufikia, ili tuitolee maoni, rasimu ya tafsiri ya mwongozo wa kuzitambua bunduki za Winchester 52. Bunduki hii ya mashindano ya shabaha ni kazi ya Wamarekani: ilionyeshwa kwanza mwaka 1919, ikaundwa mjini New Haven, Connecticut, tangu 1920 hadi 1980. Mfasiri amewakusudia mhifadhi wa makumbusho na ofisa anayesajili silaha. Kwa kuwa wote wawili watasoma huku wameishika bunduki yenyewe, istilahi zake hazina budi kupimwa kwa mizani kali.

Rasimu yaiita "bunduki lengwa". Yaelekea kosa hili limezaliwa na mazoea yetu wafasiri ya kusema "lugha lengwa". Lugha lengwa ni ile tunayoielekea. Bunduki lengwa basi ni bunduki iliyoelekezewa shabaha, maskini, wala si inayolenga. "Bunduki ya shabaha" yatosha, nayo haikungoja kikao cha kamati yoyote.

Zito zaidi ni "risasi ya moto wa ukingo". Msomaji ataelewa kwamba moto hutokea ukingoni mwa mtutu. Ukweli ni kwamba risasi za jamii hii hazina fataki iliyopachikwa katikati ya kitako cha ganda. Kemikali inayolipuka kwa kugongwa imefichwa ndani ya mkunjo wa ukingo wa ganda, na pini ya bunduki huuponda ukingo huo. Ndiyo sababu ganda likishatumika halijazwi tena. Kinachotofautiana basi ni mahali pa fataki, si mahali pa moto, na neno fataki tunalo tangu enzi za magobore. Twapendekeza "risasi ya fataki ukingoni", na kinyume chake "risasi ya fataki kati". Aidha, ".22 Long Rifle" ni jina la risasi iliyotokea Marekani mwaka 1887. Mfasiri ameandika "raifa ndefu ya .22", na ofisa atatafuta bunduki ndefu asiione. Jina hilo liachwe lilivyo.

Tunafika penye hatari. Sura ya ukaguzi yaanza kwa amri: "Ondoa bolti, kisha hakikisha chemba ni tupu." Bolti, kwa fundi na kwa karani, ni kile chuma chenye nati kifunguliwacho kwa spana. Kitako cha bunduki hii kimefungwa kwa skurubu zinazoonekana upande wa chini, na ofisa mtiifu atazifungua hizo, aridhike kuwa ametimiza amri, na huku risasi ingali chembani. Kifaa kinachokusudiwa ni kile chuma cha mviringo chenye mkono, kinachosukumwa mbele na kuinamishwa ili kuifunga chemba. Mwendo wake ni mwendo wa komeo la mlango, na mtoto aliyewahi kutumwa kufunga mlango usiku ataujua. Kiitwe komeo. Amri nayo ipanuliwe: toa magazini, vuta komeo nyuma, tazama chembani, ndipo kazi ya utambuzi ianze. Hatuoni sababu ya ufupi hapa.

Baada ya hayo, "mpokezi" aweza hata kuchekesha. Mpokezi ni mtu apokeaye wageni. Hiki ni chuma kinachobeba komeo na kushika mtutu, na juu yake ndiko ilikochorwa namba ya bunduki. Baadhi yetu wamependelea "kiunzi", wengine "mwili wa mtambo". Sisi twaelekea kwenye "kiunzi", kwa kuwa laweza kuambishwa bila taabu.

Namba hiyo ndiyo kiini cha mwongozo. Waundaji waliifuatishia herufi A, B, C au D kadiri bunduki ilivyorekebishwa: C ilikuja baada ya Vita Vikuu vya Pili na kifyatulio kipya, na D mwaka 1961 ikiwa haina magazini, ya kutiwa risasi mojamoja. Rasimu yatumia "aina" kwa Winchester 52 nzima, kwa kila herufi, na hata kwa mtutu mzito dhidi ya mtutu wa kawaida. Ofisa akiandika "aina: nzito" atakuwa ameandika nini? Twashauri "modeli" ibaki kwa 52, "toleo" liwe la herufi, na "aina" ihusu tofauti za mtutu na kitako ndani ya toleo moja. Tena iagizwe waziwazi kwamba herufi ni sehemu ya namba. Wapiga shabaha hubadili mitutu ikichakaa, na anayeiacha herufi ameiacha alama ya toleo iliyo kwenye kiunzi chenyewe.

Wakusanyaji huziita zile za mwanzo, zisizo na herufi, za "kabla ya A". Hakuna aliyenunua bunduki ya jina hilo mwaka 1925, kama vile hakuna aliyepigana "Vita Vikuu vya Kwanza" akijua ni vya kwanza. Mfasiri amelihifadhi jina hilo bila maelezo. Aongeze sentensi moja, msomaji asilitafute kwenye chuma.

Limebaki "kufuli la kasi", rekebisho la 1929 lililofupisha muda kati ya kuvuta kifyatulio na kulipuka kwa fataki, ili mkono usipate nafasi ya kuyumba. Kufuli halihusiki. Twaandika "mtambo wa haraka" kwa muda, hadi mafundi wa silaha watakapotupa neno lao.