Mwalimu Aliyelijaribu Swali

Katika ufundi wote wa ualimu, unaoonekana kwa nadra, na kwa sababu hiyo unaostahili sifa zaidi, ni ule wa kulipokea swali la mwanafunzi pale linapopingana na yale ambayo mwalimu mwenyewe alifundishwa. Kuandaa somo, kusahihisha madaftari na kutunza nidhamu ni kazi zinazofundishwa vyuoni na kukaguliwa darasani, lakini hakuna mkaguzi anayeandika jinsi uso wa mwalimu ulivyobadilika aliposikia jambo asilolitarajia. Tanzania ina mfano bora wa ufundi huo katika habari za Erasto Mpemba na Dkt. Denis Osborne.

Mwaka 1963 Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, mkoani Tanga, ambako wanafunzi walijitengenezea aiskrimu kwa kuchemsha maziwa, kuyatia sukari, kuyaacha yapoe, kisha kuyaingiza kwenye jokofu. Nafasi jokofuni ilikuwa finyu, na siku moja Mpemba, kwa kuhofia kuikosa, aliyaingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto, huku mwenzake akiingiza yake bila kuyachemsha kabisa. Baada ya saa moja na nusu, ya Mpemba yalikuwa yameganda, na ya mwenzake yalikuwa bado mazito kama uji. Mwalimu wa fizikia alipoulizwa sababu, alimjibu kwamba amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Shule ya Sekondari Mkwawa, Iringa, Mpemba alifundishwa kanuni ya Newton ya upoaji, yaani kanuni isemayo kwamba kasi ya kitu kupoa hutegemea tofauti kati ya joto lake na joto la mahali kilipo. Akauliza tena, akaambiwa kwamba hiyo ni fizikia yake mwenyewe, nalo darasa likayageuza maneno hayo kuwa dhihaka kila alipokosea.

Ni haki kukiri kwamba swali lenyewe lilikuwa gumu kuaminika. Mpemba alilipeleka kwa Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam aliyekuja kuzungumza na wanafunzi wa Mkwawa: vyombo viwili vinavyofanana, vyenye maji ya ujazo sawa, kimoja nyuzi 35 na kingine nyuzi 100 za Selsiasi, vikiingizwa pamoja kwenye jokofu, kwa nini hutangulia kuganda kile cha nyuzi 100? Kwa hesabu ya kawaida maji hayo sharti kwanza yashuke hadi 35, na muda wote huo yale mengine yamekwisha kutangulia. Wanafunzi walicheka. Osborne alimwomba alirudie swali, akamuuliza kama amelifanya jaribio hilo kwa mikono yake, kisha akasema kwamba hajui jibu na kwamba atalijaribu akirejea Dar es Salaam. Katika maneno hayo machache mwanafunzi alipewa yale aliyonyimwa kwa miaka, kwa kuwa mwalimu hakumwamini kijinga wala hakumkanusha, bali aliliondoa suala mikononi mwa cheo na kulikabidhi kwa maabara.

Ahadi ya mgeni kwa kijana wa shule ni jambo jepesi kusahaulika, lakini hii ilitekelezwa. Fundi wa maabara aliyepewa kazi hiyo alileta taarifa kwamba maji ya moto yalitangulia kuganda, akaongeza kuwa angeendelea kurudia hadi apate matokeo sahihi, na hapo huonekana jinsi fikra iliyozoeleka inavyoweza kumfunga hata mtu aliyeona kwa macho yake. Osborne aliendelea kupima, na mwaka 1969 makala ya wote wawili yalichapishwa katika jarida la *Physics Education*, jina la Mpemba likitangulia, na masimulizi ya mwanafunzi yakiwekwa mwanzo kwa maneno yake mwenyewe.

Wanasayansi wangali wanabishana kuhusu tabia hiyo ya maji, ambayo sasa huitwa kwa jina la Mpemba, kwani wapo walioipima upya wasiione, na sababu zilizotolewa, kama vile uvukizaji na mzunguko wa maji ndani ya chombo, hazijawaridhisha wote. Ubishi huo haupunguzi deni la shukrani hata kidogo, kwa maana Osborne hakusifiwa kwa kuwa na jibu. Mpemba mwenyewe hakuishia kuwa mwanafizikia; alisomea usimamizi wa wanyamapori katika chuo cha Mweka na kufanya kazi katika fani hiyo, na mwalimu aliyemsikiliza hakuvuna kwake mfuasi wala mrithi wa somo lake.

Makala yale ni mafupi na lugha yake ni nyepesi. Vyuo vya ualimu vingefanya vyema kuyatafsiri kwa Kiswahili na kumpa kila mwanachuo ayasome kabla hajatumwa darasani kwa mazoezi yake ya kwanza ya kufundisha.