Sauti ya Uanarki katika The Secret Agent ya Joseph Conrad

Tarehe 15 Februari 1894, Martial Bourdin, fundi cherehani Mfaransa, alilipukiwa na bomu alilolibeba katika bustani ya Greenwich, London, karibu na jengo la kuchunguzia nyota. Alifariki siku hiyo hiyo bila kueleza nia yake. Katika tukio hilo Joseph Conrad alipata kiini cha riwaya yake The Secret Agent (1907). Ni rahisi kuisoma riwaya hiyo kama shutuma dhidi ya uanarki, yaani itikadi inayokana mamlaka ya dola na kutaka watu wajitawale kwa hiari na kusaidiana. Usomaji huo una ushahidi, lakini hautoshi.

Ushahidi umo katika usawiri wa wahusika. Yundt anahubiri mauaji asiyothubutu kuyatenda. Ossipon anaishi kwa fedha za wanawake. Profesa hutembea na baruti mwilini huku akiwadharau watu. Hayupo hata mmoja anayefanana na Peter Kropotkin, aliyehamia Uingereza mwaka 1886 na kuchapisha Mutual Aid mwaka 1902, akidai kwamba ushirikiano ni nguzo ya uhai. Kinyume chake, Helen na Olivia Rossetti, waliokuwa wanaanarki wenyewe, waliandika A Girl Among the Anarchists (1903) kwa jina la Isabel Meredith. Humo wapumbavu na wakarimu wamekaa pamoja.

Hata hivyo, msuko wa Conrad unaipinga picha aliyoichora mwenyewe. Bomu linaagizwa na Vladimir, ofisa wa ubalozi wa kigeni, ili Uingereza ichochewe kuwakandamiza wakimbizi wa kisiasa. Mtekelezaji, Verloc, ni jasusi wa kulipwa. Anayekufa ni Stevie, shemeji yake, kijana mwenye akili dhaifu na moyo mwepesi wa huruma. Basi vurugu wanayosingiziwa wanaanarki ni kazi ya dola. Jambo hili si ajabu kwa mwandishi ambaye wazazi wake walipelekwa uhamishoni na utawala wa Urusi mwaka 1862.

Kilele cha hoja kimo katika sura ya nane. Stevie, aliyeumizwa moyo na umaskini wa mwendesha gari na mateso ya farasi wake, anadhani polisi wapo ili kuondoa maovu. Dada yake Winnie anamjibu kwamba wapo ili wasio na kitu wasiwanyang'anye walio nacho. Hiyo ndiyo hoja ya wanaanarki, tena imetolewa na mwanamke asiyependa kuyachungulia mambo kwa undani. Wanaharakati wanabwabwaja, ukweli unasemwa na asiye na chama.

Hapo ndipo ilipo nguvu ya riwaya, na udhaifu wake pia. Conrad anampa Stevie uchungu wa wanyonge, lakini hampi yeyote fikra ya kuuondoa. Msomaji wa Kongo atakumbuka Heart of Darkness (1899), tunda la safari ya Conrad katika mto Kongo mwaka 1890: uporaji wa pembe za ndovu unalaaniwa, ilhali waliotendewa uovu karibu hawasemi. Katika kazi zote mbili mdhalimu anafichuliwa, lakini mdhulumiwa haaminiwi kuwa na shauri lake mwenyewe.