Fundi wa Nyasi Zisizoota

Zamani mtu akihamia nyumba mpya alipanda mnazi au mwembe uani, akitaraji kuwa wajukuu wataokota matunda na kumtaja. Siku hizi, katika mitaa inayochipuka kaskazini ya Dar es Salaam, kutoka Mbweni kwenda Bunju, mwenye uwezo hutenga nyuma ya nyumba kiwanja kidogo cha mchezo na kukitandika nyasi za bandia. Sina mapenzi makubwa na desturi hii. Lakini nilijaliwa kumtazama fundi mmoja akiitenda kazi hiyo kwa jirani yetu, na ustadi niliouona mikononi mwake ni wa kutajwa pamoja na ule wa wachonga milango ya nakshi, ingawa kazi ya hao hutazamwa kwa taadhima na yake hukanyagwa kwa viatu.

Asili ya nyasi hizi ni Marekani. Mwaka 1964 zilitandikwa katika shule ya Moses Brown mjini Providence. Miaka miwili baadaye zikaingia Astrodome, uwanja wa Houston uliofunikwa paa, ambako wachezaji wa besiboli walikuwa wakipofushwa na mng'ao wa jua, vioo vya paa vikapakwa rangi ili kuwasitiri, na nyasi za Mungu zilizokuwa chini yake zikafa kwa kukosa nuru. Kwetu zilitangulia katika viwanja vya umma, kama Amaan kule Unguja na Karume hapa mjini, ndipo zikabisha hodi majumbani.

Mwenye nyumba alikuwa na macho ya majora ya kijani tu, yaliyorundikwa kivulini tangu siku ya kwanza, na kila jioni aliuliza yatafunguliwa lini. Fundi hakuwa na haraka nayo. Alichimba, akaondoa udongo wa juu pamoja na kila mzizi, akamwaga kokoto na kuzishindilia tabaka juu ya tabaka, kisha akazifunika kwa vumbi la mawe na kulishindilia nalo, huku uzi na pima maji haviondoki mikononi mwake, maana kiwanja kilichonyooka machoni sharti kiwe na mteremko wa siri, kiasi cha sentimita 1 kwa kila mita, ili mvua ya masika ipate pa kwenda. Alipodhani amemaliza alileta ndoo ya maji, akaimwaga penye kimo, akachutama kuyafuata maji kwa macho mpaka yalipotokea ukingoni. Palikuwa na mahali yalipositasita, pasipozidi upana wa sinia. Akapachimbua upya.

Hata majora yalipofunguliwa hakuyakata. Aliyaacha yajinyooshe usiku kucha, na asubuhi, kabla jua halijakomaa, akaanza kuyapitishia kiganja, kwenda na kurudi, apate kujua nyuzi zimelalia wapi. Kwani jora moja likigeuzwa dhidi ya wenzake, kiwanja huonekana kina rangi mbili, na hapana dawa ya aibu hiyo. Adhuhuri aliweka kisu chini. Zulia la plastiki, alinieleza, hutanuka kwa joto na kunywea kwa baridi, na anayepima mshono juani atakuta ufa alfajiri.

Na mshono ndio uliokuwa fahari yake. Alilipindua zulia, akakata kwa upande wa mgongo akifuata safu za nyuzi, asijeruhi hata moja, kisha akayakutanisha majora mawili juu ya utepe mpana uliopakwa gundi, pengo lililo baina yao lisipungue wala lisizidi nafasi iliyo baina ya safu na safu. Nilipoinama kuutafuta mshono huo nilikumbuka akina mama wa utotoni mwangu wakishona mkeka: kili zimekwisha kusukwa kwa ukindu, kila moja ndefu kama safari, nao wakiziunga ukingo kwa ukingo hata mgeni anayeketi juu yake asijue wapi ulikoma mkono mmoja na wapi ukaanza mwingine. Bibi aliyenilea alikuwa akifumba macho na kupitisha kidole juu ya kiungo. Kidole kikikwama, uzi hufumuliwa, hata kama mnunuzi amekwisha kufika barazani na fedha zake mkononi. Fundi wetu alifumba macho vivyo hivyo, wala sidhani aliwahi kuwaona.

Mistari myeupe iliyochomekwa, mchanga uliofagiliwa ndani ya nyuzi ili zisimame, hayo yalikwenda upesi. Akamwonya mwenye nyumba kuwa watoto wasicheze peku mchana wa jua, kwani nyasi hizi huunguza. Nasaha ambayo wauzaji aghalabu huisahau.

Laiti wangekuwapo wengi wa namna yake. Viwanja vya chandimu vimekwisha kukatwa viwanja vya nyumba, na vijana waliocheza humo wamebaki nje ya kuta. Na ndani ya kuta hizo huingia watu wenye gari moja na jora moja, wakalitandaza juu ya udongo uliokanyagwa kwa miguu, wakalipwa kabla ya magharibi. Masika ya pili hayapiti salama: mabonde hutuama maji, ukungu huota, mishono hufumuka, na mwenye mali hulaani kiwanda. Hapo ndipo huitwa yule fundi wa kweli, naye hukagua, akasema kuwa ubovu u chini, zulia zima halina budi kuinuliwa na kokoto kumwagwa. Huambiwa kuwa bei hiyo ni ya kiwanja kipya, apake gundi tu juu ya nyufa. Hukataa, akakusanya uzi wake na pima maji. Na kabla siku haijaisha huwa amepatikana mwingine aliyekubali.