Msimamo wa Mwandishi au Msimamo wa Msomaji? Tathmini ya Maswali ya Ufahamu kwa Kurejelea Mwambao wa Ziwa Mweru

Swali la "mwandishi ana mtazamo gani?" limezoeleka mno katika mitihani ya ufahamu ya ukanda huu, hata ni nadra watungaji kuulizwa linapima nini hasa. Katika vipimo vya kusoma vya SACMEQ kwa darasa la sita, stadi zimepangwa katika ngazi 8. Ngazi ya 7 humtaka mwanafunzi aunganishe taarifa za matini ndefu ili abaini imani na upendeleo wa mwandishi. Ya 8 humtaka apime yale ambayo mwandishi ameyachukulia kuwa kweli kuhusu mada na kuhusu msomaji wake. Mpangilio huo una mantiki. Kasoro hujitokeza pale swali linapomfikia mtoto ambaye tayari ana msimamo wake juu ya jambo linaloulizwa.

Wilaya ya Nchelenge, mkoani Luapula nchini Zambia, ni mahali pazuri pa kulipima jambo hili. Ng'ambo ya ziwa iko Kilwa ya Congo (si ile ya pwani ya Tanzania), ambako Kiswahili cha Katanga ndicho lugha ya soko. Nchelenge kwenyewe Kibemba ni lugha ya nyumbani na ya madarasa ya mwanzo, na Kiingereza ni lugha ya mitihani ya juu. Tangu 2018 makazi ya Mantapala yamepokea wakimbizi wa Congo, wengi wao wakiwa wazungumzaji wa Kiswahili. Aidha, kila mwaka serikali ya Zambia hufunga uvuvi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari. Mtoto wa hapa hahitaji kitabu ili ajue maana ya marufuku hiyo.

Ichukuliwe aya hii, iliyotungwa kwa ajili ya hoja hii tu: "Kila Desemba wavuvi hudai kwamba watoto wao wanalala njaa. Maofisa hueleza kwamba samaki wanahitaji kuzaana. Hata hivyo, nyavu haramu huendelea kutegwa usiku." Jibu linalotarajiwa ni kwamba mwandishi anaunga mkono marufuku. Ushahidi upo: wavuvi "hudai" ilhali maofisa "hueleza"; "hata hivyo" inageuza njaa kuwa kisingizio; na neno "haramu" limetumiwa bila kuhojiwa. Hayo ndiyo yanayostahili kupimwa. Lakini mwanafunzi asiyesoma hata sentensi moja anaweza kulipata jibu hilo, kwa kuwa sheria ameisikia redioni na anajua kwamba matini za shule aghalabu humuunga mkono ofisa. Mwenzake, ambaye kwao huuzwa chisense, anachagua "mwandishi anawahurumia wavuvi," kwa sababu njaa iliyotajwa ni njaa anayoijua. Wa kwanza anapata alama. Wa pili, ambaye huenda ndiye pekee aliyesoma, anazikosa. Alama hiyo hupima ukaribu wa mtoto na kauli ya serikali, kisha huitwa usomaji wa kihakiki.

Kauli yenyewe haijawa na mwafaka hata miongoni mwa wataalamu. Utafiti uliochapishwa na FAO mwaka 2003 kuhusu uvuvi wa maji baridi kusini mwa Afrika, Mweru ikiwamo, ulionyesha kwamba kupanda na kushuka kwa maji huathiri sana wingi wa samaki, na ukahoji imani kwamba kudhibiti wavuvi ndiyo dawa.

Lugha inaongeza utata. Tanzania ilifanya vipimo vya SACMEQ kwa Kiswahili, Zambia kwa Kiingereza. Kwa hiyo swali moja hutegemea maneno tofauti. Kitenzi "kudai" kina shaka ndani yake, na pia kina maana ya kutaka haki au deni. Msomaji anayeshika maana hii ya pili ataona wavuvi wenye haki, na hatakuwa amekosea Kiswahili. Viambishi navyo ni mtego mkubwa zaidi. Katika Kiswahili sanifu "kijitu" hudunisha kwa kupunguza. Katika Kibemba kiambishi ici- hukuza na kukejeli, na udogo huonyeshwa kwa aka-, kama Kiswahili cha Katanga kinavyosema "katoto." Mtoto wa Nchelenge anayekutana na ki- ya dharau anaweza kuihisi dharau lakini akakosea ukubwa wa anayedharauliwa.

Huenda ikasemwa kwamba wanafunzi wachache wa Zambia hufika ngazi hizi mbili, hivyo suala si la dharura. Hoja hiyo ni dhaifu. Ngazi za juu ndizo zinazoamua nani aitwe msomaji anayefikiri, na washauri wa sera huzinukuu wanapolinganisha nchi.

Kuna jaribio rahisi ambalo mabaraza ya mitihani yanaweza kulifanya kabla ya swali kupitishwa. Kundi moja lipewe swali bila matini. Likilijibu kwa usahihi, swali liondolewe. Kisha matini iandikwe upya ili mwandishi awaunge mkono wavuvi, na kundi jingine lipewe swali lilelile. Majibu yasipobadilika, kilichopimwa si matini. Hata katika maswali ya kuchagua, mtahiniwa anaweza kuulizwa ni neno lipi linalofichua msimamo wa mwandishi, badala ya kuulizwa msimamo pekee. Katika aya ya juu, mtoto wa muuza chisense angeweza kulitaja neno "hudai" huku akiendelea kuamini kwamba mwandishi amekosea.