Bahati ya Silaha katika Utendi wa Mwindo

Msasi mwenye bunduki mbili za namna moja aghalabu huipenda moja na kuiita ya bahati. Sababu za dhahiri zipo: kitako kinacholingana na urefu wa mkono wake, uzito uliosawazika, na mazoea ya kulenga. Ipo pia kumbukumbu yenye upendeleo: mnyama aliyeangushwa huwa sifa ya bunduki, na risasi iliyokosea husahauliwa. Hata hivyo, maelezo hayo hayatoshi kufafanua maana ya "bahati" yenyewe. Fasihi ya Kivu ina jibu pana zaidi.

Utendi wa Mwindo, wa Wanyanga wa Walikale, ulisimuliwa na Candi Rureke mwaka 1956, na ukachapishwa na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene mwaka 1969. Mwindo anazaliwa akiwa ameshika conga, yaani mgwisho wa mkia wa nyati, na ubavuni ana mkoba wa Kahombo, mzimu wa heri. Msomaji mwepesi atasema kwamba shujaa huyu ana silaha ya bahati, basi.

Usomaji huo haukidhi haja. Mara nyingi conga hutenda baada ya Mwindo kunena nayo. Kifaa na kauli havitengani. Ni kweli kwamba Muisa anapomlaza chini hoi, conga inajitikisa yenyewe na kumwinua. Lakini hapo ndipo uhusiano wao unapodhihirika: chombo kinamjibia mwenyewe asiyeweza tena kusema. Zaidi ya hayo, conga inayompiga Muisa ndiyo inayomfufua. Heri yake haipimwi kwa idadi ya waliouawa.

Mpaka wa heri hiyo waonekana baada ya Mwindo kumuua joka Kirimu, rafiki wa damu wa Nkuba, bwana wa radi. Nkuba anampandisha mbinguni, naye anateswa na mvua, mwezi na jua kwa mwaka mzima. Hakuna alichozaliwa nacho kinachomwepusha na adhabu hiyo. Anarudi na katazo la kuua wanyama.

Kwa hiyo mwalimu wa Bukavu anayefasiri Kahombo kwa neno "bahati" anapaswa kutahadhari. Neno hilo, lenye asili ya Kiajemi, hutaja fungu linalomwangukia mtu bila yeye kuwajibika. Heri ya Mwindo ina masharti, na akiyavunja hulipa. Katika Kivu, ambako vita vilivyoanza mwaka 1996 vimeielekeza bunduki kwa binadamu, tofauti hiyo si ya msamiati tu. Mwanafunzi akifundishwa kwamba silaha ina bahati, atamsahau aliyeishika. Akisoma utendi huu kwa makini, atauliza kwanza silaha hiyo imetumwa kufanya nini, na nani atakayejibu.