Unywele Mmoja wa Kiingereza

Nikiwa darasa la sita niliandika katika insha ya Kiingereza kwamba dada yangu ana "long hairs". Mwalimu akaizungushia ile "s" duara jekundu. Sikuelewa kosa langu. Nywele ni nyingi, zimejaa kichwa kizima. Inakuwaje ziandikwe kana kwamba ni kitu kimoja? Nikasahihisha kwa utii tu. Ilinichukua miaka kugundua kwamba jibu nilikuwa nalo kinywani mwangu mwenyewe.

Sisi tunasema nywele, na tukitaka kuuchomoa mmoja tunatia u: unywele. Ndivyo tunavyotoa ukuni katika kuni, unyasi katika nyasi, unyoya katika manyoya. Kinachotangulia akilini ni fungu. Huo mmoja ndio unaotafutiwa alama. Mwingereza naye ana fungu lake, "hair", na akitaka kuchomoa mmoja huweka "a" mbele: "a hair". Nywele za dada yangu ni "hair", lakini ule unywele uliokutwa kwenye mchuzi ni "a hair". Hapo "a" yao inafanya kazi ya u yetu, ila yao imesimama nje ya neno na yetu imeingia ndani.

Tangu siku nilipogundua hilo nimekuwa mtu wa kuzitazama nomino za Kiingereza jinsi mpita njia anavyosimama kumtazama seremala: sina ninachonunua, nataka tu kuona mkono unavyokwenda.

Kinachoshangaza kwanza ni jinsi zilivyo uchi. Nomino ya Kiswahili ni mtawala. Sema "kitabu changu kizuri kimepotea" uone ki- ilivyopiga mhuri kila mahali. Kiingereza hakina mhuri huo. "My" na "good" havitikisiki, kiwe kitabu kimoja au viwe mia. Lakini hakikuzaliwa hivyo. Kiingereza cha kale, kabla ya Wanormani kuvamia mwaka 1066, kiligawa nomino katika jinsia tatu. Jua lilikuwa la kike na mwezi wa kiume, na neno "wif", lililomaanisha mwanamke, halikuwa la kike hata kidogo: lilikuwa kwenye jinsia ile ya tatu, isiyo ya kike wala ya kiume. (Anayelalamika kwamba ngeli zetu hazina mantiki na aanzie hapo.) Karne baada ya karne randa ikapita juu ya viambishi hivyo, hadi ubao ukabaki mtupu. Uzuri wa kazi yote uko katika jinsi ubao mtupu unavyobeba mzigo uleule.

Tazama "a" tena. "I ate chicken": umekula nyama ya kuku, labda kipapatio tu. "I ate a chicken": umemla kuku mzima, na wenzako wamelala njaa. Kwetu "nimekula kuku" inabeba yote mawili, na msikilizaji atajua kwa kuiangalia sahani. "Iron" ni chuma, "an iron" ni pasi. Herufi mbili zimetosha kuchukua madini na kuyafanya chombo cha kunyooshea nguo. Ndiyo maana "furnitures" na "informations", maneno yanayotutoka sana Afrika Mashariki, humkwaruza Mwingereza sikioni. Kwake samani na habari ni fungu, kama mchanga. Huwezi kuzihesabu mpaka uzitafutie kipimo, yaani "a piece of".

Halafu kuna mpangilio. Sisi tunaanza na chenyewe, kisha tunakifunga kamba ya -a: dereva wa basi la shule. Hizo wa na la ndizo zinazotuonyesha nani amefungwa kwa nani. Mwingereza huyapanga maneno matatu bila kamba, "school bus driver", na la mwisho ndilo bwana wa yote. Kwa hiyo sisi tunalazimika kusoma kuanzia nyuma. Badilisha nafasi, na kitu kinageuka: "boathouse" ni banda la kutunzia mashua, "houseboat" ni mashua ambayo watu wanaishi ndani yake.

Wingi hautaki maneno mengi, kwani kila mwanafunzi amekaririshwa "feet" na "children". Hiyo "children", hata hivyo, imebeba alama mbili za wingi: watu waliisahau ile ya kwanza, r, wakaongeza nyingine juu yake. Ila "s" ya kawaida nayo inastahili sikio. Katika "cats" ni s kweli. Katika "dogs" ni z. Katika "horses" inaomba irabu iitangulie. Sisi wengi tunazitamka zote s moja kavu. Mwaka 1958 Jean Berko wa Marekani alitoa utafiti ambao ndani yake watoto wadogo walionyeshwa mchoro wa kiumbe mfano wa ndege, wakaambiwa huyu ni "wug". Kisha wakaonyeshwa wawili, waseme ni nini. Wengi walisema "wugs", tena kwa z. Hakuna aliyewahi kuwafundisha neno hilo, maana halikuwapo duniani. Maneno yaliyotaka ile irabu ya "horses" ndiyo yaliyowashinda wengi.

Mkono huohuo unaoonekana kwa watoto uliwahi kutengeneza neno zima. Zamani njegere ziliitwa "pease", na s ile ilikuwa mbao ya neno lenyewe, haikuwa kiungo cha wingi. Masikio yakaidhania ni wingi. Kufikia karne ya 17 watu walikuwa wameikata, wakapata "pea", njegere moja, neno ambalo halikuwa na mzazi. Msicheke. Kitabu tulikichukua kwa Waarabu, na ki yake ni sehemu ya neno lenyewe. Wao wingi wao ni kutub. Sisi tukaisikia ki- ya ngeli, tukatengeneza vitabu. Baadaye tukaona kibao cha barabarani kinachoamuru "KEEP LEFT", tukapata kipilefti, na mji ulipokua, vipilefti.

"Pease" haikufa yote. Kaskazini-mashariki mwa Uingereza bado wanapika njegere kavu za njano hadi zipondeke kuwa uji mzito, na chakula hicho wanakiita "pease pudding". S iko palepale, na si ya wingi.