Insha ya Franklin Kuhusu Sataranji

Mwaka 1786 Benjamin Franklin, mpiga chapa na mwanasiasa wa Marekani, alitoa insha fupi kuhusu maadili ya sataranji, mchezo ambao vijana wetu wanauita chesi. Anadai kwamba mchezo huo si wa kupitishia wakati tu, bali humjengea mtu tabia za kumfaa maishani: kutazama mbele, kuuangalia ubao wote badala ya pembe moja, kutokuwa na pupa, na kutokata tamaa mambo yanapoelekea kuharibika. Hoja hii ingali inarudiwa na wanaotaka sataranji ifundishwe shuleni, kwa hiyo inastahili kupimwa.

Franklin anaandika vizuri, lakini ushahidi hana. Kwake maisha yenyewe ni sataranji ya namna fulani. Hapo siwezi kumfuata. Ubaoni kete zote ziko wazi mbele ya macho. Ni nani kati yetu amewahi kuziona kete zote za mwajiri wake, au za mkwewe?

Mwaka 1973 wataalamu wawili wa Marekani, William Chase na Herbert Simon, walieleza jaribio lao. Ubao wenye kete zilizopangwa kama katika mchezo halisi ulionyeshwa kwa sekunde 5, kisha ukafichwa. Bingwa aliweza kurudisha kete nyingi mahali pake, mwanagenzi chache mno. Lakini kete zilipotawanywa ovyo, bingwa naye hakuwa na la kujivunia. Kumbukumbu yake ilikuwa ya sataranji, si ya kila kitu. Nako Uingereza, utafiti uliotolewa mwaka 2016, uliofanywa katika shule 100, haukuona kwamba watoto waliofundishwa mchezo huu waliwapita wenzao katika hisabati. Tena mtazame Bobby Fischer: alitwaa ubingwa wa dunia mwaka 1972 kwa kuona mbele kuliko wote, na mwaka 1975 akaupoteza bila kucheza hata mchezo mmoja, kwa sababu masharti yake hayakukubaliwa yote.

Hata hivyo, insha ina sehemu ninayoirudia mara kwa mara, nayo ni ile ya adabu, ambayo wasomaji wengi huipita haraka. Usimharakishe mwenzako. Usipige mluzi, wala usigonge meza kwa vidole anapofikiri. Watazamaji nao wanyamaze. (Hili la mwisho lingemshinda katika baraza zetu za bao, ambako mtazamaji hujua kuliko mchezaji.) Kisha anakuja na shauri la ajabu: kama mmekubaliana kutofuata sheria kwa ukali, mwonyeshe mwenzako kwamba anaiacha kete yake bila ulinzi.

Shauri hili Franklin analitoa kama suala la ungwana tu. Mimi naona lina uzito kuliko zile tabia zake nne. Ili nimwonye mwenzangu, sharti kwanza nihame kiti changu kwa mawazo, nikae chake, niuone ubao kama yeye anavyouona, na nijue ni kitu gani kilichomfanya asiione hatari. Mshindani anayetaka kushinda tu naye hufanya hivyo, lakini huishia pale anapopata upenyo wa kupiga. Franklin anamtaka akae pale muda kidogo zaidi, hata kama mchezo wenyewe utampotea.